Herufi Nene za Bwana Kiboko

Mwenye sikio na alitege.
— Limetegwa.
Mwenye kuchoka na akae.
— Tumekaa, itue ngano.

Alikuwako Fundi Panya, mchonga herufi za mbao. Alizichonga kwa meno, kwaru-kwaru, akazipaka wino, akazigandamiza juu ya karatasi, na bango likawa tayari. Kazi hiyo ilimchosha hata taya zake zikawa zinalala kabla yake.

Nchi ile ilikuwa na desturi: kila kiangazi hubandikwa bwawani bango moja tu, la kipimo kile kile, na lisiloandikwa humo halimkatazi mnyama yeyote.

Mwaka huo akaja Bwana Kiboko, gubu-gubu.

"Fundi, niandikie: MAJI YOTE NI YA KIBOKO, MARUFUKU KUNYWA. Nataka herufi za kikale, nene, zenye nyayo bapa kama zangu."

Panya akawakumbuka wanawe sita, na bwawa lilikuwa hilo moja. Hakubisha, nguvu za kubisha hakuwa nazo. Akachonga, kwaru-kwaru.

Kiboko akatazama, akaridhika.

"Nzuri," Panya akapiga mwayo. "Zamfaa hata Ngiri."

"Ngiri?"

"Ngiri naye ana nyayo, bwana."

"Zinenepeshe."

"Zikinenepa karatasi haitoshi. Niondoe yapi?"

"Ondoa utakayo, jina langu usiliguse."

Panya akaondoa MARUFUKU KUNYWA. Akachonga upya, kwaru-kwaru, meno yakimuuma hadi masikioni.

Kiboko akatazama, akaridhika.

"Hizi ni nene," Panya akasema, macho yakimfumbika. "Zamfaa hata Nyati."

"Nyati mwenye miguu ile? Nenepesha, Fundi."

"Niondoe yapi, bwana?"

"Maswali yako yanachosha. Ondoa, nenepesha."

Panya akaondoa MAJI YOTE NI YA. Akachonga, kwaru-kwaru, kwaru.

Siku ya kwanza ya kiangazi bango likabandikwa. Lilisomeka KIBOKO, herufi sita zilizoshiba, nyayo zao zikigusa kingo zote mbili za karatasi. Kiboko akatokwa na machozi ya furaha. Wanyama wakaja, wakasoma, wakainama, wakanywa, gwi-gwi-gwi.

"Nyinyi hamjui kusoma?" Kiboko akanguruma.

Twiga, mwamuzi wa bwawa, akaishusha shingo taratibu. "Tumesoma, Bwana Kiboko. Jina ni lako, hapana ubishi. Katazo liko wapi?"

Kiboko akamgeukia Panya, aliyekuwa akinywa pamoja na wanawe.

"Fundi, umenifanyia nini?"

"Ulisema niondoe, bwana. Nikaondoa."

"Chapa jingine."

"Kiangazi kijacho. Bango ni moja."

Kiboko akaligeukia bango.

"Lakini zimenenepa," akasema.

"Zimenenepa, bwana."

Basi funzo ni hili, nanyi mlishike: ukitaka kutiiwa, jiandike kwa herufi nene, na maneno mengine uyaache.

Ngano yangu nimeitua hapa. Asiyechoka kama mimi na aibebe.
— Iache hapo hapo, nasi tumechoka.