Fisi na Tiba Tatu za Fizi

—Paukwa!
—Pakawa!
—Pakawa kinywa, kinywani pakawa meno, na meno yakashikwa na nini?
—Na fizi!
—Haya, tulieni. Na wewe unayepiga miayo huko nyuma, funga mdomo, tumeshaona vya kutosha.

Hapo kale palikuwa na Bi Pimbi, kijinyama cha kuenea kapuni, akikaa na wanawe wanne katika ufa wa mwamba. Asubuhi moja alitoka kutafuta majani. Aliporudi, lo! Fisi kajilaza mlangoni, mkono mmoja kauingiza ufani, na watoto ndani wanalia chii! chii! chii!

Bi Pimbi roho ilimruka. Lakini hakupiga kelele. Alimtazama Fisi kinywani, akaona fizi zimevimba, zinavuja damu. Upande huu zimefunika meno nusu, upande ule zimelika mpaka mizizi iko nje. Na harufu, jamani! Acheni tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hawa wanao?"

"Wangu."

"Pole, nawala. Fizi zinaniuma, mifupa siiwezi tena. Nataka vilaini."

"Na kesho si unakwenda kuoa?"

Fisi akanywea. Kwa kina Fisi, bwana harusi hapewi mke mpaka acheke mbele ya shangazi zake bibi harusi, wayakague meno yake yote.

"Mimi ni fundi wa fizi," Bi Pimbi akasema, na hapo hakudanganya, maana mamake alimfundisha. "Nitakutengeneza, hata ukicheka shangazi wapige vigelegele."

"Nitengeneze. Lakini mkono wangu utabaki hapa hapa ufani. Ukimaliza, nakula."

"Karibu sana. Kuna njia tatu. Ya kwanza, nakwangua uchafu chini ya fizi, kwaru kwaru. Ya pili, nakata ufizi uliozidi ili meno yatokeze, chwa chwa. Ya tatu, nachukua kijinyama cha kaakaa, nakipandikiza pale ufizi ulipolika, nashona, chomo chomo. Kila njia ina masharti yake. Chagua moja."

"Ipi nzuri?"

"Zote nzuri."

"Basi zote!"

"Mzee, zote kwa siku moja ni nyingi. Masharti yake..."

"Zote, nimesema! Unaninyima?"

"Nani akunyime wewe?" Bi Pimbi akasema. "Panua."

Akatafuna majani ya ganzi, akampaka. Akachukua kijiwe chenye makali. Kwaru kwaru! Chwa chwa! Akachukua mwiba wa nungunungu na uzi wa katani. Chomo chomo! Alipomaliza kupandikiza, akauzungusha uzi kwenye meno ya juu na ya chini, akakaza, akafunga fundo.

"Tayari. Jitazame majini."

Fisi, mkono ungali ufani, akainamia kidimbwi cha mvua pale mwambani, akakenua. Salaala! Fizi zimekaa sawasawa, meno yamejipanga. Akafurahi, akageukia ufani apanue kinywa.

"Mmmh! Mmmmh!"

"Masharti hayo," Bi Pimbi akasema. "Ya kwanza, siku saba hutafuni. Ya pili, siku saba hupanui. Ya tatu, siku saba hufurukuti, ukifurukuta mshono unafumuka na sura inaharibika. Kwa njia moja, ungeshika sharti moja. Hebu utoe huo mkono, taratibu."

Fisi akawaza shangazi, akautoa mkono taratibu. Watoto wakatoka mmoja mmoja, chii, chii, chii, wakapita juu ya pua yake. Bi Pimbi akawahesabu: wanne. Hapo ndipo alipowakumbatia huku analia. Wakahamia mwamba mwingine, mbali.

Kesho yake Fisi akakenua mbele ya shangazi. Vigelegele! Akapewa mke. Kisha ukaletwa ubavu mzima wa nyati, ukawekwa mbele yake. Fisi akautazama. Mate yakamchuruzika mpaka kifuani. Hakuugusa.

"Mwoneni!" shangazi mkubwa akasema. "Hana tamaa hata kidogo!" Akauvuta ule ubavu, akaula yeye.

Fundisho ni hili, wanangu: mganga akikupa njia tatu, chukua zote, na masharti usiyasikilize, yatakuchosha bure.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka amwachie jirani.