Husuni Katika Bamba la Shaba

Nilipokuwa amiri nilikuwa na askari sitini na akili za kuazima. Nilitaka kuiteka husuni, ngome ya mawe ya Malkia wa Shungwe, nikamkamata Tumu, mchoraji wake.

“Nichoree husuni,” nilimwambia, “unionyeshe mlango usiolindwa. Ukiongopa, nitakukata kichwa.”

Tumu akaichora kwenye bamba la shaba, mlango ukiwa kushoto. Mpelelezi wangu akalikagua bamba, akaapa kwamba kila jiwe liko mahali pake. Nikampa mpelelezi ruhusa aende kwao.

“Bamba ni zito, Amiri,” Tumu akasema. “Chukua nakala ya karatasi.”

Akalipaka wino, akaligandamiza karatasini. Nikamsifu, nikamwachia huru.

Alfajiri tukaufuata mlango wa kulia, kama karatasi ilivyoonyesha. Ulikuwa wazi, nikatangulia kwa mbwembwe. Askari wa mwisho alipoingia, ukafungwa kwa nje. Tulikuwa gerezani.

Tumu akachungulia dirishani.

“Uliniongopea,” nikamwambia.

“Bamba lilisema kweli, Amiri. Ila likipigwa karatasini, kushoto huwa kulia. Kila mchoraji anajua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza habari za mlango tu.”