Siku Pembe Iliponuna

Pembe ikinuna, maji hayanuni. Methali hiyo mmeisikia asubuhi hii, mwenyekiti wa kitongoji alipomrushia Mchome mlangoni pake, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sasa mmekuja kuniuliza ilikotoka. Nitawaambia, lakini Mchome naye asogee, aache kujifanya anatengeneza baiskeli. Mnyororo huo ameshaupaka mafuta tangu jana.

Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kwevungo, kwenye milima hii ya Upare, na ilizaliwa hivi.

Alikuwapo mwanamume akiitwa Mbonea, mtunza pembe wa kijiji. Kazi ya kijiji tangu zamani ni msaragambo: kila nyumba hutoa mtu, watu wakachimba mfereji au wakazibua ndiva, lile bwawa la juu kilimani linalokusanya maji ya chemchemi usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Msaragambo hauanzi mpaka pembe ilie. Jembe halitangulii pembe, walisema wazee, na aliyegusa ndiva kabla ya mlio alitozwa mbuzi. Pembe yenyewe ilikuwa ya tandala, ndefu, imeng'aa kwa kushikwa na mikono ya baba, babu na babu wa babu yake Mbonea.

Kwa kazi hiyo mtunza pembe alipewa heshima mbili. Ya kwanza ni shamba lililo chini kabisa ya ukuta wa ndiva, ambalo maji hulifikia kabla ya mashamba yote. Ya pili ni upawa wa kwanza wa makande siku ya msaragambo. Mnacheka? Mwanamume anaweza kunyang'anywa ng'ombe akavumilia, lakini upawa wa kwanza ukimpita mbele ya watu, haulali tumboni mwa mwingine kwa amani.

Basi mwaka mmoja serikali ilileta mpango mpya. Vijana waliojiandikisha kulitumikia taifa wangepelekwa vijijini kufanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Serikali italeta vijana na saruji, kijiji kitatoa mawe, mchanga na mikono. Sisi tuliomba ukuta wa ndiva, maana ule wa udongo ulikuwa umechoka na kila masika tulikesha na roho mkononi. Afisa wa halmashauri akasema mkutanoni, "Mkimaliza kabla ya mvua za vuli, mtakuwa mfano kwa tarafa nzima. Msipomaliza, lori litakuja kuchukua vijana, nasi tutajaribu kwingine." Mbonea alipiga makofi kama wengine. Siku lori lilipofika, yeye ndiye aliyewapokea wageni kwa pembe, tena aliipiga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kiongozi wa vijana wale alikuwa binti mmoja mwembamba kutoka Lindi, jina lake Somoe. Shingoni alining'iniza filimbi. Aliposhuka kwenye lori akaipuliza mara moja tu, na vijana wake wote wakajipanga mstari. Watu wakashangilia. Mbonea akatazama pembe yake, kisha akatazama kile kifilimbi kisichozidi kidole gumba, na kitu kikamchoma kifuani. Hakukipa jina siku hiyo. Mimi nitakipa: ulikuwa wivu.

Na wivu haukosi chakula. Haikupita wiki, watoto wa kijiji wakawa wanakata vikonyo vya majani ya mpapai wanatengeneza filimbi, wanapangana mistari njiani. Zamani walikuwa wakikunja viganja mdomoni kuigiza pembe. Kilabuni wanaume wakikutana na dengelua yao walisema, "Yule binti ana amri, bwana. Kazi inakwenda." Mbonea aliinua kibuyu chake, pombe ikamwia chungu. Kila asubuhi alipiga pembe, watu wakapanda kilimani, lakini wakifika juu ni Somoe huku, Somoe kule. Somoe, jiwe hili liende wapi? Somoe, njoo uone. Hakuna aliyemuuliza mtunza pembe jambo lolote. Akaanza kuuchukia hata mwendo wa binti yule, na namna alivyocheka, na shikamoo zake ambazo hakuacha kumpa kila walipokutana.

Kisha likaja lile la upawa. Mpishi wa msaragambo alikuwa Nakijwa, mke wa Mbonea mwenyewe. Siku ile ukuta ulikuwa umesimama pande zote mbili, limebaki pengo la katikati tu, mapana ya nyumba ya vyumba viwili. Watu wamefurahi, jasho linawatiririka. Nakijwa akafunua sufuria, akachota, na upawa wa kwanza akaumimina kwenye sahani ya Somoe. "Kula, mwanangu, umekonda kwa ajili yetu." Somoe hakujua mila. Akashukuru, akala. Mbonea alikuwa amekwisha kunyoosha sahani yake. Ilibaki hewani, tupu, na wazee wawili wakaangalia pembeni ili wasimwone.

Nyumbani alimgeukia mkewe. "Mama Kiondo, umenivua nguo mbele ya watu."

"Baba Kiondo, yule ni mgeni, tena mtoto wa watu. Amelala kijijini kwetu kwenye jamvi miezi hii yote kwa kujitolea. Upawa tu?"

"Upawa tu," alisema Mbonea, akalala ameelekea ukutani.

Sasa sikilizeni vizuri. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuziba pengo. Pengo lile halikuzibika kidogo kidogo. Zege likianza kumwagwa, lazima liende mpaka mwisho siku hiyo hiyo, na mawe yapokezanwe mkono kwa mkono tangu kando ya mto hadi juu. Vijana peke yao hawatoshi. Kijiji kizima kilihitajika.

Asubuhi ikafika, na Mbonea hakupiga pembe. Alikaa barazani, pembe ipo magotini, moyoni anasema: leo tuone kama filimbi itawatoa watu majumbani. Mara akaisikia, ile filimbi, mbali juu kilimani. Akatega sikio. Hakuna mlango uliofunguliwa. Hakuna jembe lililogongana na jingine njiani. Watu walikaa makwao wakijua kuna jambo, labda msiba, labda kazi imeahirishwa. Jembe halitangulii pembe. Lo, furaha aliyoipata! Alimwambia mkewe anaumwa kichwa, akaomba chai, akainywa kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi. Nakijwa alimtazama, akatazama pembe, akabeba kikapu chake akaenda zake kilimani.

Jua likapanda. Saa sita ikapita. Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya kilele, meusi, mapema kuliko mwaka wowote. Mbonea aliyaona. Akajiambia, yatapita. Alitaka kidogo tu zaidi: alitaka amwone Somoe akiteremka kuja kumpigia magoti.

Na kweli akateremka. Alikuja mbio, miguu imejaa tope la mchanga. "Shikamoo, baba. Unaendeleaje? Mama amesema unaumwa, tukasema tukuache upumzike kwanza."

"Marahaba. Vijana wako wamekushinda? Si una filimbi?"

Somoe akamtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Filimbi? Hii ni ya kuwahesabia vijana wangu, baba, asije mmoja akatumbukia bwawani tusijue. Tumekaa juu tangu alfajiri, zege hatujachanganya. Siku ya kwanza kabisa mwenyekiti wa kijiji alituambia jembe halitangulii pembe. Kila asubuhi hatushiki kitu mpaka tukusikie wewe. Tulikuwa tunakungoja."

Miezi yote ile Mbonea alidhani binti yule anakalia kiti chake, kumbe kila siku alisimama kando ya kiti hicho akimngoja mwenyewe aje aketi. Aliinuka, akaweka pembe mdomoni, akapiga. Alipiga kama hajawahi kupiga. Milango ikafunguka kijiji kizima, watu wakatoka na majembe na makarai, wanakimbia, wanaulizana.

Lakini mvua nayo ilikuwa imetoka kwake. Walipofika nusu ya mlima, kijito cha chemchemi kilikuwa kimekwisha kuwa mto. Maji yaliingia ndivani kwa kelele, yakaona pengo, yakapita. Yakala upande huu wa ukuta mpya na upande ule, mawe yaliyowekwa kwa miezi yakang'oka moja moja. Mifuko ya saruji ililowa palepale ilipopangwa. Watu walisimama mvuani mikono kichwani. Na maji yale yalipotoka yalikwenda wapi? Yalikwenda kule yaendako siku zote kwanza, kwenye shamba lililo chini kabisa ya ukuta. Shamba la heshima. Maharage ya Nakijwa yalikuwa yametia maua. Kufumba na kufumbua hapakuwa na maharage, palikuwa na mchanga na mawe.

Mvua ilipokatika wote walikuwa wamesimama pembezoni mwa shamba lile. Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini, "Mbonea, kwa nini pembe haikulia asubuhi?"

Mbonea aliona haya kusema ni yeye. Akaitazama ile pembe mkononi mwake, akasema, "Pembe... leo pembe ilinuna."

Hakuna aliyecheka. Nakijwa ndiye aliyesema, amesimama katikati ya mchanga, ameshika shina moja la haragwe lililobaki: "Pembe ikinuna, maji hayanuni."

Baada ya siku chache lori likaja. Afisa alitazama ukuta uliobomoka, akatikisa kichwa. Mpango ukahamia kijiji cha ng'ambo ya bonde, na wao ndio waliokuwa mfano wa tarafa. Hadi leo wageni wakitaka kuonyeshwa ndiva nzuri hupelekwa kule, sisi tunawaonyesha njia. Mbonea alikwenda mpaka kwenye lori, kofia mkononi, akimtafuta Somoe amwombe radhi. Alipomfikia akaishia kuizungusha kofia. Somoe akamwambia kwa upole, "Baba, tukija tena, upige mapema." Uso wake haukuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtesa Mbonea kuliko yote.

Ukuta tuliujenga wenyewe, kwa mawe na udongo, misimu miwili. Kila siku ya msaragambo pembe ililia kabla jogoo hajawika. Na Nakijwa aliacha kuuliza nani apewe upawa wa kwanza. Alimpa aliyekuwa karibu na sufuria. Mara nyingi Mbonea alikuwa mbali, bado anabeba mawe.

Haya, mmeipata. Na wewe Mchome, nasikia leo vijana wa kujitolea wanakwenda kuchimba msingi wa zahanati, nawe umebaki nyumbani kwa sababu aliyechaguliwa kuwaongoza ni rika lako mliyekuwa mkikaa naye dawati moja. Kaa tu, baiskeli yako ni nzuri. Lakini wagonjwa hawataahirisha kuugua mpaka roho yako itulie. Koleo lipo nyuma ya jiko.

Eh, mmeona alivyoondoka? Hata mafuta ya mnyororo hakunawa. Muacheni, msimcheke. Pembe ikinuna, maji hayanuni.