Homa ya Siku ya Dua

Siku hiyo nyumba ya Bi Afiya, pale Mambrui, ilivuma kama mzinga wa nyuki. Masufuria ya pilau yalikuwa motoni, mikeka imetandikwa hadi barazani, na jamaa walikuwa wakimiminika kutoka Shella na Gongoni. Mwanawe Faiz, aliyeugua saratani ya damu, alikuwa ametoka hospitali kutiwa dawa kali, nao walikutana kumsomea dua. Bi Afiya alitembea kifua mbele, furaha imemjaa pomoni.

Mara Mahira, mkewe Faiz, akatoka chumbani na kipimajoto mkononi, uso umemsawijika.

"Mama, Faiz ana homa. Daktari alituonya ikimpanda tu tusingoje, twende hospitali mbio."

"Homa?" Bi Afiya akacheka. "Hapa Mambrui nani hajapata homa? Wageni wako mlangoni, nawe wataka kumtorosha mwenye shughuli! Mpe vidonge vya kutuliza, atoke jasho, yaishe."

"Lakini, mama..."

"Hiyo lakini yako ipeleke jikoni, kachumbari haijakatwa."

Vidonge vikateremsha homa. Faiz akaketi barazani kama bwana arusi, watu wakampa mikono, wengine wakambusu kipajini. Bi Afiya akamkonyeza mkaza mwanawe: "Umeona?"

Dua haijaisha, Faiz akaanza kutetemeka kama unyasi. Alimtazama mamake asimtambue.

"Gari!" Mahira akapiga ukelele. Watu wakaruka masinia, Faiz akabebwa juu juu, na gari likafyatuka kuelekea Malindi kama mshale.

Alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimsaidia kupumua. Daktari Ngowa akawaita kando.

"Mama, maradhi na dawa zake vimewamaliza askari wa mwili wa mwanao. Kijidudu kikiingia, hakuna wa kukizuia. Wengi tunaowapoteza humu huletwa wamechelewa, maambukizi yameshaenea kwenye damu, mapafu na figo zimechoka."

"Na vile vidonge nilivyosema apewe?" Bi Afiya aliuliza.

"Vilizima king'ora, mama. Moto ukaendelea."

Bi Afiya akamgeukia mkaza mwanawe. Akaushika mkono wa Mahira. "Nisamehe, mwanangu. Wewe uliona, mimi nikacheka."

"Tumwombee, mama. Bado yu hai."

Kwa siku kadhaa roho ya Faiz ilining'inia kwenye uzi. Hatimaye, asubuhi moja, muuguzi akatokea mlangoni akitabasamu: mashine imeondolewa! Bi Afiya akanawa mikono, akavaa barakoa, akaingia.

"Mama," Faiz akanong'ona, "mlinibakishia pilau?"

Bi Afiya akacheka huku machozi yakimtiririka. Alipotoka, alikuta kundi la jamaa limejaa ukumbini, tayari kuingia kumkumbatia mgonjwa. Akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Hapiti mtu! Salamu zenu nitamfikishia mimi."

"Shangazi, sisi si wageni!" mmoja akalalama. "Nina mafua kidogo tu."

"Kidogo?" Bi Afiya akamkazia macho. "Hicho kidogo ndicho kilichotaka kunizikia mwana. Rudi nyumbani, baba, na ujue kwamba mdharau mwiba mguu huota tende."