Kongoni Aliyegawa Sauti Yake Bure

Paukwa!

— Pakawa!

Hapana, hiyo haikutoka moyoni. Nusu yenu mnatazama simu. Zilazeni kifudifudi, zinyamaze kidogo, hazitakufa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye hadithi ni ya watoto, maana hii ya leo inawahusu nyinyi zaidi.

Zamani, enzi ambazo wanyama walisemezana kama tunavyosemezana hapa, palikuwa na Kongoni mmoja, mama wa watoto wawili. Wa kwanza alikuwa binti, jina lake Mashavu. Wa pili alikuwa ndama mchanga wa kiume, miguu bado inamtetemeka, jina lake Tunu. Kwa ajili ya yule binti, mbuga nzima ilimwita Kongoni Mama Mashavu.

Sasa, kongoni wana desturi yao. Mama akienda malishoni humlaza mtoto ndani ya nyasi ndefu na kumwambia, tuli! Mtoto analala tuli. Nzi akimtua puani, tuli. Mvua ikimnyeshea, tuli. Mama akirudi huimba kwa mbali, ili mtoto ajue kwamba anakuja. Lakini mtoto hainuki! Anasikia, na anabaki palepale mpaka mama afike, ainamishe kichwa, amnuse, naye mtoto amnuse mama. Pua ikikubali, ndipo anainuka anyonye.

Mama Mashavu aliimba hivi:

Tunu, Tunu wee, hnyuu!
Maziwa yamejaa, hnyuu!
Mama yuko njiani, hnyuu!

Na alipofika, alikuwa na neno moja la kunong'ona. "Pumzi yangu." Hakuwahi kulisema mbele ya watu. Alilisema ndani ya sikio la Tunu tu, basi.

Kikaja kiangazi. Loh! Nyasi za karibu zikaisha. Majani mabichi yakabaki mtoni, mbali. Mama Mashavu anakwenda, tapu tapu tapu, jua la utosi, anakula kidogo, anarudi, tapu tapu tapu, kunyonyesha. Anakwenda tena, anarudi tena. Maziwa yakapungua. Tunu akinyonya, analia. Mama anatazama mbavu za mwanawe zinavyohesabika, anageuza uso.

Hapo ndipo alipokuja Kwenzi. Mnamjua kwenzi? Yule ndege wa manyoya ya buluu yanayong'aa, kama aliyejipaka mafuta. Hodari wa kuiga sauti. Yeye na wenzake walikaa juu ya mgunga mkubwa karibu na mto, na wote walikuwa na adabu sana, adabu mpaka inachosha.

"Mama Mashavu, mteja wetu mpendwa!"

"Mteja? Mimi sijanunua kitu kwako."

"Hununui, mama. Ni bure! Wewe tuimbie wimbo wako mara moja tu, sisi tutaushika. Halafu kaa hapa mtoni, kula ushibe. Saa ya kunyonya ikifika, mmoja wetu ataruka mpaka kule, amwite mtoto kwa sauti yako, amwongoze mpaka miguuni pako. Hutatembea tena juani."

"Bure?"

"Bure kabisa. Leo na siku zote."

Mama Mashavu akawauliza wenzake waliokuwa wakinywa maji. Pundamilia akacheka, hi-hi-hiii!

"Shoga, umechelewa wapi? Mimi nimeshawapa yangu zamani. Mbuga nzima imo. Kwani wewe una nini cha kuficha? Sauti yenyewe ya kongoni, nani ataitaka?"

Wote wakacheka. Ngiri alikuwa amepiga magoti pembeni akichimba mizizi. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi siwapi."

"Kwa nini?"

"Ndege simpendi tu."

Wakacheka mpaka maji yakawatoka puani. Mshamba huyo! Na kweli, Ngiri hakuwa na hoja yoyote. Alikuwa na kisirani chake tu.

Basi Mama Mashavu akarudi chini ya mgunga. Kwenzi akamwambia, "Kuna masharti kidogo, nitayasema haraka." Akayasema. Chwi-chwi-chwiri-chwi-chwi-chwiri-chwi! Jamani, alisema mpaka kivuli cha mti kikahama. Mama Mashavu alisikia neno "huduma," akasikia neno "washirika," mengine yakampita. Alikuwa anamfikiria Tunu na njaa yake.

"Kama umekubali, kanyaga hapa kwenye tope."

"Na nisipokubali baadhi?"

"Basi huduma hutapata, mama."

Akakanyaga. Pwa! Kwato ikaacha alama. Akaimba wimbo wake. Kwenzi akainamisha kichwa, akaurudia. Tunu, Tunu wee, hnyuu! Sauti ileile, hata ule mkwaruzo mdogo wa mwishoni.

Jioni akamkalisha mwanawe.

"Tunu, mambo yamebadilika. Ukisikia sauti yangu, usingoje tena. Inuka, kimbia inakotoka."

"Bila kunusa?"

"Kunusa nini tena, wewe! Huijui sauti ya mama yako?"

"Naijua, mama."

"Haya basi."

Na sitasema uongo, ilifanya kazi. Kwenzi anaita, Tunu anakuja, tiki tiki tiki, mkia juu. Maziwa yakarudi. Mbavu zikafunikwa. Tunu akanenepa, akawa anaruka ovyo ovyo na kumpiga dada yake vichwa. Mama Mashavu akamsifu Kwenzi kila alipokwenda, mpaka Ngiri akawa anamkwepa.

Siku moja Kwenzi akaja tena na adabu zake.

"Mama Mashavu, tunataka kuboresha huduma. Tuimbie ukiwa na furaha." Akaimba. "Tuimbie ukiwa na wasiwasi." Akaimba. "Mtoto siku hizi anachelewa kidogo kuinuka. Huna neno lingine analolipenda zaidi?"

Mama Mashavu akasita.

"Lipo. Lakini hilo ni letu, mimi na yeye."

"Ah, mama! Sisi si ndio watu wako? Litabaki hapahapa kwetu."

Akaliangalia jua, akaliangalia lile bonde refu alikolala Tunu. Akalisema polepole. "Pumzi yangu."

Kwenzi akalirudia, polepole vilevile. Mama Mashavu mwili ukamsisimka. Akajiambia ni upepo.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa mchana. Mama Mashavu alikuwa mtoni, majani mdomoni, ameshiba, anasikia raha. Kutoka kule bondeni akasikia wimbo.

Tunu, Tunu wee, hnyuu!
Maziwa yamejaa, hnyuu!

Akatabasamu. Leo wamemwita mapema, akawaza. Akatafuna. Akainua macho juu ya mgunga. Kwenzi alikuwa pale tawini, anajichokora manyoya. Na wenzake wote walikuwa pale.

Mama yuko njiani, hnyuu!

Majani yakamdondoka mdomoni.

"Kwenzi! Kama nyinyi nyote mko hapa, nani anaimba kule?"

Kwenzi akageuza shingo, akasikiliza kidogo. "Aa, huyo? Huyo ni mshirika wetu."

"Mshirika gani?"

"Fisi."

Mama Mashavu alikimbia! Tapu-tapu-tapu-tapu! Alikimbia, alikimbia, alikimbia. Miiba ikamchana, hakuiona. Na huku anakimbia, anapiga kelele, "Tunu, usije! Tunu, lala! Lala, mwanangu!" Lakini kule bondeni sauti yake mwenyewe ilikuwa imemtangulia, inaimba kwa upole, na Tunu alikuwa amefundishwa nini? Amefundishwa kukimbia.

Alipofika, nyasi zilikuwa zimelala chini. Fisi ameondoka. Sitawasimulia alichokikuta, kuna watoto hapa. Nitawaambia jambo moja tu. Alisimama pale, hawezi kulia, hawezi kupumua, na nzi wakaanza kuja, zzzii. Nyuma ya nzi wakaja makwenzi. Wakashuka mmoja mmoja, kwa adabu zao zilezile, wakaanza kula nzi. Fisi huacha mzoga, mzoga huita nzi, na nzi ndio chakula cha kwenzi. Hapo ndipo Mama Mashavu alipojua ile bure ilikuwa inalipwa na nani.

Akawafuata mpaka kwenye mgunga. Kongoni hapandi mti. Alisimama chini, shingo ameinua, anasema na ndege waliokaa juu yake.

Wa tawi la chini wakamwambia, "Lalamiko lako limepokelewa. Uliza tawi la kati."

Wa tawi la kati wakamwambia, "Wewe ni mteja wetu muhimu. Tafadhali subiri." Akasubiri. Jua likahama.

Kwenye tawi la juu akajitokeza Kwenzi mwenyewe. "Mama Mashavu, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

"Usumbufu? Kwenzi, mwanangu ameliwa!"

"Tunaelewa hisia zako."

"Mlimpa Fisi sauti yangu!"

"Hatukumpa Fisi, mama. Tulimshirikisha mshirika. Anachofanya mshirika na sauti, hilo ni lake. Na wewe ulikanyaga." Akanyoosha mdomo chini. Alama ya kwato ilikuwa palepale, imekauka.

Mama Mashavu akapiga magoti. Nasema kongoni mzima alipiga magoti mbele ya ndege.

"Basi nirudishieni. Chukueni kila kitu, lakini nirudishieni sauti yangu. Nina mtoto mwingine."

"Hairudi, mama. Fisi anayo, na watoto wa Fisi wameshajifunza kuiimba. Ila tuna huduma mpya, tunaweza kukutengenezea sauti nyingine. Hiyo si bure."

Akainuka. Akaondoka.

Mashavu! Yuko wapi Mashavu? Akaanza kumtafuta binti yake. Akamwona mbali, amesimama juu ya kichuguu, peke yake. Moyo ukamruka kwa furaha. Akaita, "Mashavuuu! Ni mimi, mama yako!"

Mashavu alishtuka. Akageuka, akatimua mbio.

"Mashavu! Mwanangu, ngoja!"

Kila akiita, Mashavu anazidi kukimbia. Mama anaita kwa upole, mtoto anakimbia. Mama anaita kwa kilio, mtoto anakimbia zaidi. Bonde hili, bonde lile. Akawa kama nukta nyeusi upeoni.

Ngiri alikuwa shimoni kwake na wanawe. Akatoa kichwa.

"Wewe mwanamke, hebu nyamaza! Huoni unamfukuza?"

Mama Mashavu akafunga mdomo. Ngiri akataka kumwambia neno la kumfariji, lakini hakuwa mwepesi wa maneno. Akarudi shimoni akalia huko.

Basi Mama Mashavu akaenda kimya. Alikwenda akiangalia upepo unakovuma, ili harufu yake itangulie. Akifika karibu, analala chini, anangoja. Mashavu akikimbia, anainuka, anafuata tena kimya. Akakonda. Kwato zikapasuka. Mwisho asubuhi moja Mashavu hakukimbia. Alisogea hatua moja, akasimama. Akasogea tena. Akamnusa mama yake goti, akamnusa ubavu, akamnusa shingo, kwa muda mrefu, kama anavyonuswa mgeni. Kisha akamwangukia kifuani.

Walipokuwa wamelala hivyo, Mashavu akaanza kusema.

"Mama, Tunu hakukimbia mara moja. Nilimwona. Alisikia wimbo akainuka, akaenda, halafu akasimama. Pua yake ilikataa. Alitaka kurudi kulala."

Mama Mashavu akainua kichwa.

"Halafu ile sauti ikanong'ona. Ikasema, 'Pumzi yangu.' Mimi sikujua ni neno gani. Lakini Tunu alipolisikia alicheka, mama. Alikimbia huku anacheka."

Ee, wenzangu. Mama mtu alilia siku hiyo bila kutoa sauti, kwa sababu hata kulia kwake kungemtisha aliyebaki.

"Mama," Mashavu akasema, "usiniite tena. Tafadhali. Wewe njoo tu."

"Sitaita," mama akanong'ona. Na hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho.

Mvua zikanyesha. Nyasi zikarudi. Mama Mashavu akazaa tena, ndama wa kike. Akamlaza nyasini. Akienda, anakwenda kimya. Akirudi, anarudi kimya, anainama, ananusa. Mtoto akakua, akanenepa, hakupungukiwa na kitu. Ila kila siku aliwasikia pundamilia wakiwaita watoto wao, nyati wakiwaita wao, hata Ngiri na mikoromo yake. Siku moja, akiwa ananyonya, akauliza.

"Mama, wewe una sauti gani?"

Mama Mashavu akafungua mdomo. Kule bondeni, mbali, kuna mtu alikuwa anaimba. Maziwa yamejaa, hnyuu. Mtoto akasimamisha masikio.

"Huyo ni nani, mama? Ana sauti nzuri."

Mama Mashavu akafunga mdomo. Akaweka mwili wake katikati ya mtoto na ile sauti, akasimama hivyo mpaka ikanyamaza. Na ndiyo maana hadi leo, ukipita mbugani, utamwona kongoni amesimama amekutazama, uso mrefu, kimya.

Fundisho lake nawaambia waziwazi, nisije nikasikia mtu anasema hakuelewa. Anayekupa kitu bure, muulize yeye anakula nini. Na mambo ya ndani, sauti yako, uso wa mwanao, neno mnaloambiana wawili tu, hayo usimkabidhi mtu kwa sababu kila mmoja amekabidhi. Yakishatoka hayarudi, na watakaoumizwa nayo si wewe peke yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mama na aende akamsikilize. Sisi tusio naye tutakaa hapa kidogo.