Jogoo wa Usangi

Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni kesi nitawaachia ninyi.

Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Bi Tunu, mshauri nasaha, alijua kunyamaza. Mzee Kimambo, mpishi wa kantini, hakujua kabisa. Fundi Mhando alikuwa na kipaji cha kuchelewa: meza aliyoahidi kuileta kesho ilikuwa imesubiriwa na wakuu wa chuo watatu.

Basi la chuo likapinduka. Akafa Mbonea, Mpare wa Usangi. Nakundwa, Mpare mwenzake wa Usangi na rafiki yake wa chumba kimoja, alitoka bila mkwaruzo. Alisema, "Nilimpisha kiti cha dirishani," kisha akajifungia kwa komeo, akaishi kwa maji na biskuti.

Bi Tunu aliweka kigoda mlangoni. Kila siku saa nne asubuhi aligonga mara moja, akasema, "Nipo," akakaa hadi saa sita. Hakuongeza neno.

Fundi Mhando alitumwa na matroni wa bweni auvunje mlango. Alikuja na futi, akapima. Kesho yake akapima tena.

"Fundi, unavunja mlango au unashona suruali?"

"Matroni, tukivunja huu atajifungia pengine. Kesho."

Kesho hiyo ilichukua siku nne.

Siku ya tano alikuja Mzee Kimambo. Ni Mchaga, mtani wa Wapare, wanaotaniwa kwa ubahili na kupenda kesi, na mtani ana ruhusa ya kumtania hata marehemu. Alijifunga kanga, akabana pua, akajifanya Mbonea:

"Jamani, nimefika mbinguni! Wamenipa kiti cha katikati, nimeshawashtaki malaika. Kwenye basi nilidai dirisha nikashinda, nitashindwa huku?"

Kisha sauti kutoka ndani: "Mwongo! Hakudai. Nilimpa mwenyewe!"

"Mpare atoe kitu bure? Leta shahidi!"

"Alikuwa anasikia kichefuchefu, Mzee Kimambo!"

Mzee aliachia pua. "Basi ulimpa upepo, mwanangu. Ajali hukuwa nayo ya kumpa."

Ndani kikasikika kicheko, kikageuka kilio. Komeo likavutwa. Bi Tunu alisimama, akasema, "Nipo."

Wiki iliyofuata baba yake Nakundwa akaleta jogoo. "Apewe aliyemtoa mwanangu. Mmoja tu, simkati vipande."

"Mimi ndiye niliyemchekesha," alisema Mzee Kimambo.

"Mlango ungekuwa umevunjwa, ungemkuta nani wa kumchekesha?" aliuliza Fundi.

Bi Tunu alinyamaza, kama kawaida yake. Akaulizwa Nakundwa.

"Kila siku nilijiambia nifike saa nne, niisikie ile 'nipo.' Lakini aliyeniinua kitandani ni mzee huyu na uongo wake. Na kama mlango ungevunjwa, nisingetoka, ningetolewa." Akafikiri kidogo. "Ila komeo nililivuta mimi."

"Mpare huyo!" Mzee Kimambo akapiga makofi. "Anamtaka jogoo wa baba yake!"

Mpaka leo jogoo amefungwa kwenye kigoda cha Bi Tunu, akingoja banda ambalo Fundi atalileta kesho.

Haya, ninyi mliosikia yote: kamba ya jogoo mngemkabidhi nani?