Mlango Uliokubali Kufunga Angani

Wapendwa, alikuwako bwana mmoja aliyependa gari lake kuliko chai ya asubuhi. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, viti viwili, halina paa, pua ndefu kama ya mtu anayenusa jiko la jirani. Msicheke bado, akiba ya kicheko itahitajika.

Bwana huyu alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. (Mwenyekiti wetu, mbona unatazama viatu? Sikutaja usharika.) Jumapili ya kusimikwa kwake aliamua aingie uwanja wa kanisa na gari lile, mkewe kando yake, watu waone. Hilo tu ndilo alilotaka duniani: mke kiti cha kushoto, watu waone.

Asubuhi hiyo akasikia gurudumu linalia. Akaliinua gari kwa jeki, upande wa kushoto, pale katikati chini ya mlango, aweke grisi. Mkewe, ameshavaa sare yake ya Umoja wa Wanawake, akafungua mlango huo apanguse kiti. Alipourudisha, ukagoma. Akausukuma, ukarudi. Ukaning'inia hapo kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Umeufanya nini?" bwana akauliza.

"Nimeufungua, Baba Aikande. Milango si hufunguliwa?"

"Kwa nguvu zile zako za kusonga ugali! Jana mlango ulifunga vizuri. Leo umeugusa wewe, haufungi. Nani mwingine wa kulaumiwa, malaika?"

Shemeji yake, kaka wa yule mama, alikuwa amekuja kusindikiza. Akasogea na kikombe chake. "Shemeji, labda ni kijicho. Watu wameshasikia unasimikwa."

"Kijicho hakiingii kwenye bawaba, shemeji. Nipe spana."

Akalegeza nati za bawaba, akausogeza mlango nyuma kidogo, akakaza. Akaufunga. Tap! Sauti tamu kama ya sanduku jipya. Akamtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyeokoa taifa.

"Ingia ukae."

"Nipande gari likiwa juu ya jeki?"

"Wewe panda, nalishusha sasa hivi. Unaniaibisha mbele ya shemeji."

Mama akapanda. Mlango ukafungwa, tap. Jeki ikashuka, gari likakaa chini. Bwana akavuta kitasa amtoe mkewe, ili amfungulie tena kwa heshima, wakifanya mazoezi ya kule kanisani. Mlango kimya. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu. Umeng'ata kama kaa.

"Niruke?" mama akauliza kutoka ndani. "Na sare hii? Nikiruka kama mbuzi leo, ndiyo itakayokuwa habari ya usharika, si kusimikwa kwako."

Akaliinua gari tena. Mlango ukafunguka wenyewe, laini. Akaufunga, mama bado ndani, akalishusha. Umegoma. Akainua, umefunguka. Akashusha, umegoma. Jasho likaanza kuchora ramani kwenye shati jeupe. Hivi mlango gani huu, akawaza, mzima ukiwa hewani, mgonjwa ukigusa ardhi? Kengele ya kwanza ikalia kule kanisani. Akasema neno ambalo sitalirudia hapa madhabahuni.

"Nilikwambia kijicho," shemeji akasema.

"Shemeji, kunywa chai!"

Hebu niwaulize, mngefanyaje? Mngemwita fundi? Mngemwita mchungaji? Najua wako humu ambao wangemwita mganga kwanza, kisha wakaja kwangu na risiti.

Bwana yule akapiga magoti, si kwa sala, kwa kuchoka. Jicho lake likawa sawasawa na ule uwazi mwembamba kati ya mlango na bodi. Mkono wake ukapampu jeki. Akaona mwanga unapita kwenye uwazi, unapanuka, kidole kingeingia. Akaiteremsha. Mwanga ukabana, ukabana, ukafa. Chuma kimeng'ata chuma.

Akainuka kama aliyechomwa na siafu. "Mama Aikande! Mlango haukuwa na kosa! Gari ndilo linalojikunja! Halina paa la kulishika, ni la zamani, ukiliinua mgongo unapinda. Mlango ulikuwa mzima tangu mwanzo. Mimi nimeutengeneza ulingane na gari lililopinda!"

Akacheka. Shemeji akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha kushoto, amefungiwa, mikono juu ya mkoba.

"Nimesikia," akasema. "Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje?"

"Tangu wakuchague, kicheko changu kina kelele. Mchuzi wangu una chumvi. Ndugu zangu wana maneno mengi, nisiwaalike. Hata jinsi ninavyosalimia watu umenirekebisha. Kila siku spana, Baba Aikande. Kabla hawajakuinua, si nilikuwa nakutosha?"

Kengele ya pili ikalia. Shemeji akagundua kwamba kikombe chake ni kitupu, akaenda nacho mbali sana.

Bwana akasimama na spana mkononi. Akaliinua gari mara moja tu, akamshika mkewe mkono, akamshusha. Akalirudisha chini. Pale pale chini, kwenye vumbi, na shati lile, akalegeza alichokaza na kuurudisha mlango mahali ulipokuwa jana. Walifika kanisani kwa miguu, wamechelewa, mwenyekiti ana grisi hadi kwenye masikio. Mkewe alikuwa anacheka. Kwa kelele.

Sasa sisi, wapendwa. Sisi tuliopandishwa cheo, tuliojenga ghorofa, tuliopata kipaza sauti kama hiki nilichoshika. Mbona ghafla mke hafai, rafiki wa zamani ananuka jasho, mama mzazi anatuaibisha mbele ya wageni? Wote waliharibika wiki ile ile tuliyoinuliwa? Nani aliyepinda hapa? Na jeki, ndugu zangu, hushuka. Cheo huisha. Siku hiyo utawahitaji watu wale wale, na utawakuta umeshawatengeneza wasilingane tena na wewe.

Hapa kwa kawaida ningesema, mgeukie jirani yako umwambie neno. Leo usimwambie. Mgeukie uliyekuja naye, umuulize: "Tangu niinuliwe, nimekulegeza nati gani?" Kisha funga mdomo, usikilize jibu.

Mwenyekiti, anza wewe. Mama yuko pale, safu ya tatu. Tunasubiri.